Mchoro wa mwanao una haki ya kutazamwa

Mtoto mwenye ulemavu wa akili akileta karatasi aliyoichora, nyumba nyingi zina jibu moja: "Hongera, mwanangu!" Jioni karatasi ile inawashia jiko. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mzazi amezoea kuisifu juhudi ya mtoto, ila hajazoea kuitazama kazi yenyewe.

Myra Hilgendorf, mama wa jijini Melbourne, Australia, aliitazama. Binti yake alikuwa na ulemavu wa akili. Miaka ile wengi wenye hali kama hiyo waliishi katika taasisi, mbali na familia zao. Walichora na kufinyanga, lakini watu waliona ni njia ya kuwashughulisha tu ili siku ipite. Mwaka 1974 Hilgendorf alianzisha Arts Project Australia. Alitaka kazi zao zitiwe fremu na kutundikwa kwenye kumbi za maonyesho, kama za msanii mwingine yeyote.

Fremu ni kitu kidogo, lakini humfanya mpita njia asimame, atazame, kisha atoe maoni. Hapo ndipo wazazi wengi huogopa. Nani anapenda kusikia mgeni akisema kazi ya mwanawe haijampendeza? Basi mtoto anafichwa na sifa za bure, na miaka inapita bila mtu kumwuliza anataka kusema nini.

Baadaye shirika hilo lilifungua karakana ya sanaa. Wapo wasanii walioajiriwa kukaa karibu na kushauri, lakini brashi haitoki mkononi mwa mwenyewe. Picha ikiuzwa, mchoraji hupata fungu lake. Mmoja wao, Alan Constable, anaona kwa shida sana. Huisogeza picha ya kamera hadi karibu kabisa na macho, kisha huifinyanga kamera hiyo kwa udongo. Alama za vidole vyake hubaki juu yake. Kamera zake zimeonyeshwa hadi nje ya Australia, na wapo wanaozinunua.

Katika mji wa Geelong, usio mbali na Melbourne, kundi la Back to Back Theatre limekuwa likiigiza tangu 1987. Waigizaji wake, watu wenye ulemavu, hushiriki kuitunga michezo wanayoicheza. Baadhi ya michezo hiyo humfanya mtazamaji ajisikie vibaya kitini, nao wamekusudia hivyo. Mwaka 2022 kundi hilo lilipewa Tuzo ya Kimataifa ya Ibsen, inayotolewa na Norway.

Si kila mtoto atakuwa msanii, awe na ulemavu au asiwe nao. Wala haihitaji kungoja karakana ijengwe mtaani. Karatasi ikija leo, kaa chini uitazame. Uliza, "Hapa kwenye bluu pana nini?" Asiyeweza kusema huenda akaonyesha kwa kidole, kwa hiyo mpe muda. Usimrekebishie nyumba iliyopinda. Andika tarehe nyuma ya karatasi, uitunze pamoja na vyeti vya ndugu zake. Na kesho, mpe karatasi nyingine.