Mkono Wazi

Sisi ni ndugu watatu, wakazi wa Buyenzi, Bujumbura. Leo tunawasimulia tulivyojifunza kupiga kwa mkono wazi katika karate, na jinsi tulivyokaribia kuachishwa.

Miezi ya mwanzo tulifundishwa ngumi tu. Mwalimu alipotuambia tufungue mikono tulifurahi, tukidhani ni jambo jepesi. Kumbe sivyo! Ngumi imejifunga, lakini mkono wazi umeacha vidole nje, na kidole huvunjika upesi. Katika pigo liitwalo shuto, vidole vinne hubanwa pamoja, gumba hukunjwa, na kinachopiga ni ukingo wa kiganja upande wa kidole cha mwisho. Teisho hutumia sehemu ya chini ya kiganja, karibu na kifundo. Nukite huchoma kwa ncha za vidole. Hiyo mwalimu alitukataza kuijaribu kwenye kitu kigumu.

Jioni moja, baada ya Magharibi, mkubwa wetu aligombana na mdogo wetu kwa sababu ya redio. Hakukunja ngumi. Alinyoosha mkono kama tulivyofundishwa, akampiga shingoni. Mdogo wetu alianguka, na kwa muda sauti haikutoka. Alhamdulillah, alikuwa mzima. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Mkono huo ndio ulionisalimia asubuhi."

Kesho yake alitupeleka mwenyewe kwa mwalimu, tukajua karate imekwisha. Mwalimu alitukalisha chini. Alitueleza kuwa Gichin Funakoshi, mzaliwa wa Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alifundisha kwamba mwenye karate haanzi yeye kushambulia. Akaongeza kuwa hata sheria za mashindano ya kimataifa zinakataza kupiga uso kwa mkono wazi. Sisi tukakumbuka tuliyosoma madrasa, kwamba Mtume (s.a.w.) ametukataza kupiga uso, na kwamba mwenye nguvu ni yule anayejizuia anapokasirika. Tulikuwa tukiyajua kwa ulimi tu.

Kisha akatoa adhabu. Kila somo, mkubwa wetu asimame mbele ya mdogo wake, apige shuto kuelekea shingoni, na mkono usimame kabla ya kugusa ngozi. Siku za mwanzo mdogo wetu alifumba macho kila mara, na mkubwa wetu alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Hapo ndipo tulipofahamu kuwa kupiga tulijifunza kwa wiki chache, lakini kuurudisha mkono kulitaka miezi.

Siku moja pigo lilikuja kwa kasi, likasimama, na mdogo wetu hakupepesa jicho. Mwalimu akasema, "Sasa umejua shuto."

Wazazi, mkiwapeleka watoto karate, msiulize tu wamejifunza kupiga nini. Waulizeni pia wamejifunza kusimama wapi.