Deni la Mlimani

Ndugu msomaji, ukipanda basi pale Ubungo kwenda Mwenge, upande wako wa kushoto utakiona kilima chenye miti mingi na majengo. Sisi wakazi wa Dar es Salaam hatuna haja ya kutaja jina refu. Tunasema "Mlimani" tu, na kila mtu anaelewa kwamba tunakizungumzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wako waliokipanda kilima hicho wakashuka na shahada, na wako wengi zaidi, kama mimi mwenye stashahada yangu ya uandishi wa habari, ambao kila siku tunakipita kwa nje. Leo napenda tukizungumze sote, waliopanda na tusiopanda, kwa sababu hesabu ya kilima kile yatuhusu sote.

Chuo hicho kilizaliwa kidogo mno. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita na ushei kabla ya Tanganyika kupata Uhuru, wanafunzi wasiozidi 15 walianza masomo ya sheria katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Hapakuwa na kitivo kingine chochote. Sheria ilitangulia kwa sababu haikuwa ikifundishwa katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wakati huo, na nchi inayojitawala haiwezi kuazima mahakimu na wanasheria milele. Shahada zenyewe zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 chuo kiliungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka 1964 kikahamia kilimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa, Mwalimu Julius Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo wa kwanza na Ndugu Pius Msekwa Makamu wake.

Udogo huo haukukizuia kutoa sauti kubwa. Huko ndiko Ebrahim Hussein alikosoma na baadaye kufundisha, naye akatuachia tamthilia ya Kinjeketile iliyochapwa mwaka 1969. Huko ndiko Walter Rodney, mwana wa Guyana, alikofundisha historia na kuandika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, alikuwa mwanafunzi huko kuanzia 1967 hadi 1970. Huko ndiko ilikokaa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, kitabu ambacho meza ya mwandishi wa habari haiwezi kukosa.

Lakini, ndugu msomaji, nyuma ya sifa hizo lipo swali moja ambalo chuo hakijapata kuliepuka tangu siku zile za Mtaa wa Lumumba: msomi anadaiwa na nani?

Mwalimu Nyerere alipata kuwafananisha wasomi na mtu wa kijiji chenye njaa. Wanakijiji walikusanya chakula chote kilichobaki wakampa mtu mmoja, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula kingine. Akila akashiba, kisha asirudi, mtu huyo ni msaliti. Mfano huo ulieleweka na kila mtu. Kuutimiza ndiko kulikokuwa kugumu.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kulitumikia taifa. Mpango ule uliwataka wahitimu wapite kambini, kisha wafanye kazi kwa muda huku wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Baadhi ya mabango yao yalidai kwamba hata enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu aliwafukuza karibu wanafunzi 400, wengi wao wa chuo hicho, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi wale walirejeshwa mwaka uliofuata.

Aghalabu simulizi huishia hapo, na msomi huonekana mchoyo. Lakini haki yataka tusimulie na yaliyofuata. Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya wabunge na viongozi. Mamia walifukuzwa. Tazama jinsi swali lilivyogeuka: mwaka 1966 viongozi waliwauliza wanafunzi, "Mbona mnajipendelea?" Baada ya miaka 12, wanafunzi waliwauliza viongozi swali lile lile.

Wala tusidhani kwamba wanafunzi wenyewe walikuwa malaika. Kwa miaka mingi palikuwa na desturi ya kubandika ukutani maandishi yasiyo na jina la mwandishi, yenye kuwafedhehesha wenzao, hasa wasichana. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijitoa uhai baada ya kuandamwa na kutishwa. Mwaka huo huo, kwa mgogoro mwingine kati ya wanafunzi na serikali, chuo kilifungwa kwa miezi kadhaa. Mzazi aliyempeleka binti yake kutafuta elimu alikuwa na haki ya kuuliza kwamba chakula cha kijiji kinaliwa na watu wa namna gani.

Nayaeleza haya kwa kuwa swali hilo limeingia hadi nyumbani kwetu. Marehemu baba yangu alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo cha Urafiki, na tuliishi Manzese, mwendo wa mguu tu kutoka Mlimani. Hakupata kuingia darasani humo hata siku moja. Kodi yake, hata hivyo, ilikuwa ikiingia kila mwezi, kama ilivyoingia ya kuli wa bandarini na ya mkulima wa pamba. Enzi hizo serikali ililipa kila kitu cha mwanafunzi: ada, malazi na chakula. Katika miaka ya 1990 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama, na mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ikaanza kazi.

Mdogo wangu wa kike alisoma kwa mkopo huo. Aliishi maisha wayajuayo wanafunzi wa leo: kungoja "bumu", yaani fedha za kujikimu, kama wakulima wangojavyo mvua, "kubebana" kitanda kimoja na mwenzake aliyekosa nafasi bwenini, kuwahi kiti katika kumbi za Yombo kabla hazijafurika. Mabweni yaliyofunguliwa mwaka 2017, yenye nafasi 3,840, yalikuwa faraja kubwa, lakini chuo kilikwisha kuwa kikubwa kupita vitanda vyake. Alihitimu ualimu wa fizikia na hisabati.

Mwaka jana serikali ilimpangia kazi katika shule ya sekondari ya kijijini, wilayani Kibondo, mkoani Kigoma. Wiki hiyo hiyo shule moja ya binafsi hapa mjini ilimwahidi mshahara mkubwa zaidi. Tukakaa barazani, mama, yeye na mimi.

"Mwanangu, nimekaanga maandazi miaka kumi na minane," mama alisema. "Nami nilitarajia usome upumzike, nikuone karibu."

Nikamkumbusha mdogo wangu mfano wa kijiji chenye njaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole:

"Kaka, waliosoma bure wakati ule wamekatwa nini? Mimi nakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka mkopo uishe. Nikishamaliza kulipa, bado nitakuwa nadaiwa na kijiji? Na huko Kibondo, nani ananidai mimi peke yangu, wakati watu wazito wanawasomesha watoto wao mbali na shule hizo?"

Sikuwa na jibu la haraka, na ningesema kwamba lipo ningekuwa nakudanganya, ndugu msomaji. Hoja yake ni ile ya wanafunzi wa mwaka 1978, naye hakuwa amezaliwa. Mama ndiye aliyejibu, baada ya kimya kirefu:

"Baba yako alikuwa akikatwa, wala hakukujua. Hao watoto wa Kibondo nao hawakujui."

Mdogo wangu hakusema kitu. Baada ya siku tatu alianza kufungasha. Alichukua vitabu vyake, neti ya mbu, jiko dogo la mafuta ya taa na khanga mbili za mama. Sasa yuko huko, anafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne, darasa moja likiwa na wanafunzi zaidi ya themanini. Katika simu yake ya mwisho alilalamika kwa muda mrefu juu ya ukosefu wa vifaa vya maabara. Halafu akanieleza kuhusu msichana mmoja aliyemfuata baada ya kipindi kumuuliza kama ni kweli mwanamke anaweza kusoma fizikia mpaka chuo kikuu. Kama atakaa mwaka mmoja au kumi, hilo ni lake kuamua, na sitamlaumu kwa lolote.

Nionavyo mimi, mkopo wa Bodi una hesabu yake na una siku ya kuisha. Deni lile jingine halina stakabadhi, na kwa sababu hiyo ni rahisi mtu kulikana. Lakini halimhusu mwenye shahada peke yake. Kijiji kinachompa mtu chakula cha mwisho kina wajibu wa kumtengenezea njia ya kurudi: nyumba ya mwalimu isiyovuja, mshahara unaofika kwa wakati, maabara yenye vifaa. Na wale waliokaa mezani kugawa chakula hawana budi kuonyesha sahani zao. Tukimdai mwalimu wa Kibondo bila kuwadai hao, tutakuwa tumemwonea.

Kwa hiyo, ndugu yangu mfanyakazi, utakapopita Ubungo juma lijalo ukiwa umesimama ndani ya basi kwa uchovu wa kazi, usikitazame kilima kile kama mji wa watu wengine. Ulianza kukijenga kabla hata mwanao hajakijua, na kodi yako ya mwezi huu imo humo. Unayo haki ya kuuliza kinafundisha nini, kinamlinda vipi binti yako, na wanaoshuka kutoka huko wanakwenda wapi. Uliza bila aibu, maana mdai haombi radhi. Nawe ukiulizwa umemwandalia nini huyo anayerudi, uwe na jibu.