Mwili ni Amana
Kaka yangu, mgonjwa wa kisukari, alitaka kuacha mlo na kunywa unga maalumu wa kupunguza uzito. Nilimweleza utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017: wagonjwa walitumia unga wa namna hiyo, takriban kalori 850 kwa siku, miezi 3 hadi 5. Baada ya mwaka, karibu nusu yao sukari ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Lakini wataalamu ndio waliowasimamishia dawa, kisha wakawarejeshea chakula hatua kwa hatua. Anayejianzishia mwenyewe huku akimeza dawa zake, sukari yaweza kushuka hata azimie. Ndugu zangu, mwili ni amana. Kaka ameridhia kumwona daktari kwanza; nasi nyumbani tumeridhia kutomshurutisha pilau kwa jina la ukarimu.