Dereva Hachangii Mafuta

Kuna mashindano ya magari huko Kenya ambayo mshindi wake ni yule aliyetembea umbali mfupi kuliko wenzake. Yanaitwa Rhino Charge. Yalianza 1989, mwaka mmoja baada ya kuundwa kwa Rhino Ark, taasisi iliyotaka kuzungushia uzio wa umeme misitu ya Aberdare ili faru weusi wasimalizwe na majangili, na tembo nao wasifyeke shamba la mtu kwa usiku mmoja. Gari linapewa saa 10 kupita vituo 13 vilivyotawanywa porini. Barabara hakuna. Ukizunguka kilima kutafuta pa afadhali, umeongeza kilomita. Ukikata katikati ya mawe, unaweza kuacha ekseli hapo hapo. Ndiyo maana kila gari lina watu wanaotangulia kwa miguu, wanakimbia mbele na kumwonyesha dereva pa kupita. Na kabla ya kuwasha injini, kila timu inapaswa iwe imechangisha fedha. Fedha hizo zilijenga uzio wa Aberdare, kilomita 400 hivi, uliokamilika 2009, kisha zikaenda Mlima Kenya na Eburu.

Sisi hatuendi kushindana. Tunakwenda kutazama. Tuko saba, wa Bukoba mjini na wa Muleba, na kilichotukutanisha ni tope. Mtu aliyepanda kwenda Kamachumu masika, gari limesheheni abiria na ndizi, anajua ninachosema: dereva anasimama, anashuka, anatazama kilima kama anayemtazama mkwe mgumu, halafu abiria wote wanateremka kusukuma. Mmoja wetu, kijana wa Kamachumu anayeendesha bodaboda na ambaye huwa anashikishwa usukani wa malori yakikwama, alipoonyeshwa video ya mashindano hayo alicheka sana. Akasema, "Kumbe wenzetu wanalipia? Huku kwetu ni kila wiki, na kombe hatupewi."

Hapo ndipo safari ilipozaliwa.

Kupanga safari hii kuna kituko chake. Mashindano hufanyika mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, lakini mahali penyewe panafichwa hadi siku zikaribie, ili timu zisiende kuchungulia mapema. Miaka iliyopita yamepita Samburu, yamepita Kajiado. Samburu ni kaskazini, Kajiado ni kusini mpakani na kwetu. Sasa unapigaje hesabu ya mafuta ya kwenda mahali usipopajua? Dada mmoja wa Hamugembe, mhasibu, ndiye tuliyemkabidhi daftari. Akaamua tuhesabu hadi Nairobi, halafu tuongeze theluthi ya akiba.

Njia ziko mbili. Ya kusini inapita Muleba, Biharamulo, inavuka Ziwa kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, halafu Mwanza hadi Sirari. Ya kaskazini ni Kyaka, Mutukula, Masaka, Kampala, kisha mpaka wa Busia, karibu kilomita 950 kutoka Bukoba hadi Nairobi. Tukachagua ya kaskazini. Kampala kwetu ni karibu kuliko Dodoma, na fundi wetu wa Kashai ana ndugu huko wa kutulaza.

Kisha zikaja karatasi. Mkenya na Mganda wanavuka mpaka wao kwa kitambulisho cha taifa tu; sisi Watanzania lazima hati ya kusafiria. Ikaja pia kadi ya njano, na hapo grupu letu la WhatsApp lilichafuka siku nzima. Mwalimu wa Nshamba alikuwa akizungumzia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, Fundi akizungumzia bima ya gari ya COMESA, ambayo nayo inaitwa kadi ya njano. Kila mmoja anamshangaa mwenzake. "Gari linachanjwa?" "We, bima unaichoma begani?" Ilibidi Mhasibu aandike kwa herufi kubwa: NI KADI MBILI, ZOTE TUNAZITAKA.

Hesabu ikatoka: shilingi 650,000 kila kichwa. Saba sawa kwa sawa. Hakuna aliyelalamika. Michango ikaanza kuingia, na kijana wa Kamachumu, tuliyedhani atakuwa wa mwisho, akalipa wa pili, yote kwa mkupuo.

Gari lilikuwa la baba mkubwa wa Fundi, mzee wa Nshamba mwenye Land Rover 110 iliyochoka rangi lakini si moyo. Sote tunamwita Mzee. Tulikwenda kumwomba Jumapili moja baada ya misa. Akatukaribisha uani, chini ya migomba, akatuletea kahawa ya kutafuna kwenye kibakuli kidogo, kama ilivyo desturi. Tukatafuna, tukasalimiana kwa mapana, tukamweleza.

Mzee alisikiliza njia. Tulipotaja Mutukula na Masaka, alitabasamu. Njia hiyo aliitembea kwa miguu akiwa mgambo, baada ya majeshi ya Amin kuingia Kagera Oktoba 1978 na daraja la Kyaka kuvunjwa Novemba. Masaka waliingia Februari 1979. "Sisi hatukuchangishana," alisema, "tulichukuliwa." Akacheka mwenyewe, sisi tukachelewa kucheka.

Halafu akauliza swali ambalo hatukulitarajia. "Huyu wa Kamachumu, hela yake kaipata wapi?"

Kijana hakuwepo. Mzee akatuambia alichokisikia: kijana ameuza butura.

Kwa msomaji asiye wa Kagera: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, hata ikiwa maua. Mnunuzi anakupa fedha leo, msimu ukifika anakuja kuchuma chake. Bei haifiki hata nusu ya ile utakayoipata kwenye chama cha msingi. Serikali inaikataza mwaka hadi mwaka, na mwaka hadi mwaka watu wanaiuza, kwa sababu mtoto akifukuzwa ada hasubiri kahawa iive. Nimeandika habari za butura kwa miaka kadhaa kazini. Siku zote nimeziandika hivi: mkulima maskini, mlanguzi, hasara. Sikuwahi kuandika kwamba mtu aliuza butura ili akaone magari yakipanda mawe.

Tulirudi mjini kimya. Usiku grupu likawaka, na mwenyewe yumo, anasoma. Mwalimu akasema tumrudishie, tutamchangia sisi. Fundi akasema huyo ni mtu mzima, mali ni yake. Mhasibu akapendekeza tuahirishe mwaka mmoja. Kijana akanyamaza hadi saa nne usiku, halafu akatuma ujumbe wa sauti. Nauandika kwa maneno yangu, ila sauti yake siwezi kuiandika.

Alisema butura hii si ya kwanza kwake. Aliuza baba yake alipofariki, ili msiba usimwaibishe. Aliuza mdogo wake alipokwenda sekondari. Mara zote mbili hakuna aliyeitisha kikao. Walimwita mwana mwenye akili. Sasa ameuza mara moja kwa ajili ya macho yake mwenyewe, mji mzima unajua. "Nani kawaambia nataka kukombolewa?"

Hakuna aliyejibu usiku ule. Mimi nililala nikilifikiria swali lake, na bado nalifikiria. Tunampa mtu wa kipato kidogo ruhusa ya kukopa kwa ajili ya huzuni tu. Mazishi, ugonjwa, ada. Akikopa kwa ajili ya furaha tunasema hana mipango. Na sisi wengine wenye mshahara, 650,000 zetu hazikuulizwa zimetoka wapi.

Lakini hesabu nayo ni hesabu. Mikahawa ile itachumwa na mtu mwingine msimu mzima, na mama yake anaishi kwa mikahawa hiyo hiyo. Swali lake lilikuwa la haki, na mama naye alikuwa na haki. Ndiyo ugumu wenyewe.

Msafara kwenda kwa deni si jambo geni kwetu. Misafara ya karne ya 19 kutoka pwani iliondoka na bidhaa za mkopo kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na waliobeba mizigo hawakuwa waliobeba faida. Ukisoma *Safari za Wasuaheli*, kitabu alichokusanya Carl Velten na kukichapisha 1901, utaona hata wasafiri wa zamani walivyoshughulika na nani anamlipa nani. Safari huanza kwenye daftari.

Aliyetutoa kwenye mkwamo ni Mzee. Wiki iliyofuata alituita tena, safari hii na kijana akiwemo. Hakumgusia kahawa kabisa. Akatuuliza, "Hii gari yangu ataiendesha nani?" Tukatazamana. Kila mtu alijua: kwenye tope na mawe, hakuna mwingine. "Basi mimi nimesafiri sana," akasema, "sijapata kuona dereva anachangia mafuta. Dereva anakula, analala, anapewa na ya soda. Nyie mmetoa wapi hii ya kumlipisha?"

Kijana aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa anaficha kicheko, ingawa huenda ilikuwa kitu kingine.

Hivyo 650,000 zikamrudia bila mtu kumhurumia. Mhasibu akagawa upya kwa sita, ikaja shilingi 758,000 na kitu kila mmoja. Fundi alinung'unika, akalipa. Mnunuzi wa kahawa alikataa kwanza. Msimu huu bei inaonekana nzuri na yeye si mjinga. Mzee akaenda naye kuzungumza, wazee kwa wazee, kwa siku mbili. Mwishowe alikubali kuachia mikahawa yote isipokuwa safu moja iliyo karibu na njia. Hiyo atachuma. Kijana alisema ni sawa, hiyo ndiyo nauli yake.

Mzee naye ana sharti. Msimu wa kahawa unafunguliwa wakati ule ule wa mashindano, na Land Rover ndiyo inayobeba magunia yake. Tarehe 5 Juni iwe uani kwake, imeoshwa.

Sasa zimebaki pasipoti mbili, kadi zote mbili za njano, na springi ya nyuma ambayo Fundi anasema itafika na kijana anasema haitafika. Kwa mambo ya springi nimeamua kumwamini anayeendesha. Mahali penyewe pa mashindano bado hatujaambiwa. Tunaendelea kuhesabu hadi Nairobi.