Jalada la Vogue na weusi wetu

Leo lekcha naziweka pembeni, nina dukuduku na jalada moja la Vogue ya Uingereza.

Enzi za mhariri Alexandra Shulman, Naomi Campbell alikaa peke yake kwenye jalada mwaka 2002, kisha hakuna mwanamitindo mweusi mwingine aliyekaa peke yake mpaka Jourdan Dunn, 2015. Miaka zaidi ya kumi na miwili jamani! Mwaka 2017 akaingia Edward Enninful, mzaliwa wa Ghana. Jalada lake la kwanza alimweka Adwoa Aboah, hadi vidoadoa vya usoni unaviona. Safi sana.

Sasa njooni Februari 2022. Wanamitindo tisa, wote wenye asili ya Afrika, akiwemo Adut Akech aliyeishi utotoni kambini Kakuma, Kenya. Nia nzuri, sibishi. Ila picha yenyewe? Nguo nyeusi, mwanga hafifu, ngozi zimekolezwa mpaka zote zimekuwa rangi moja. Unauona weusi, humuoni Adut.

Kuna waliotetea kwamba ndio staili ya mpiga picha, Rafael Pavarotti. Sawa, lakini weusi wetu hauko wa aina moja, na kila mtu ana sura yake. Dada anayejipaka mkorogo hosteli hataacha kwa kuonyeshwa weusi usio na uso.

Enninful aliondoka 2024, akaja Chioma Nnadi. Mie ombi langu dogo tu: washeni taa, tuonane!