Panya shujaa naye huzeeka

Chini ya Milima ya Uluguru, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi.

Magawa alizaliwa hapo mwaka 2013. Alipopelekwa Kambodia, alinusa mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Juni 2021 alistaafishwa. Hakuwa mgonjwa, ila mwendo ulishapungua. Januari 2022 alianza kulala zaidi, hamu ya chakula ikapungua, na mwishoni mwa wiki akafa, akiwa na miaka minane.

Mzazi, mtoto wako akifuga panya, sungura au paka, dalili hizo zisikupite. Mnyama akiacha kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Akiwa mzee tu, msogezee maji na chakula laini, mtandikie pakavu. Mtoto naye mwambie ukweli mapema: amezeeka, atakufa. Usimwambie amesafiri, atamsubiri mlangoni.