Maksai na Lawama za Mke

Ukipita Mbulu au Hanang utamwona maksai akivuta plau kwa upole. Nami nimesimama kando ya shamba nikimtazama. Upole ule si malezi mema tu, bali pia ni kuondolewa korodani. Humo chembe hai ziitwazo Leydig hutengeneza homoni ya testosteroni, nayo huzihimiza chembe za Sertoli kulea mbegu za kiume, kazi ichukuayo siku zipatazo 74 kwa binadamu. Ajabu ni kwamba mwanamume ajidungaye testosteroni kutafuta nguvu huweza kuishiwa mbegu: ubongo huona homoni imezidi, ukaacha kuziagiza korodani. Ni wake wangapi wamerudishwa kwao wakiitwa tasa, ilhali mume hajapimwa? Nacho kipimo chenyewe, mabwana, huanzia kwenye kikopo kidogo tu.